Mala imegoma kuganda, tumbo nalo linalalamika: mahali pa kutafuta kosa

Nililelewa Njoro, na mala, yaani maziwa ya kugandisha, niliyoijua mimi ni ya nchi ya baridi. Jioni mama alichemsha maziwa, akayaacha yapoe, akatia mbegu, yaani vijiko vya mala iliyotangulia, kisha akaizungushia sufuria blanketi kuukuu na kuiweka pembeni mwa jiko lililokuwa likizimika. Asubuhi tunakuta mala imeshikana, laini, unaipindua kikombe na haimwagiki upesi. Nilipoolewa Kisumu nilibeba blanketi lile, na mbegu ndani ya chupa ya jemu. Usiku wa kwanza nikafanya kila kitu kama nyumbani. Alfajiri nikafunua sufuria: donge gumu linaelea juu ya maji ya kimanjano, na uchachu wa kutia meno ganzi. Mama mkwe akachungulia begani mwangu, akasema, "Nyar Nakuru, huku maziwa hayataki blanketi. Yanataka kivuli."

Mji wa Nakuru uko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari, Kisumu kama mita 1,130, na kadiri unavyoshuka ndivyo joto linavyopanda. Bakteria niliowabeba kwenye chupa ni wale wale, ila niliwapika usiku kucha. Tangu siku hiyo, jirani akiniletea shida ya mala au ya tumbo lililoletwa na mala, sianzi na dawa wala na lawama. Namuuliza mambo matatu: ni bakteria gani walioingia kwenye maziwa, walipata joto gani, na je, walifika tumboni wakiwa hai? Karibu kila tatizo nililoandika hapa linajibiwa na moja ya hayo.

Kabla ya kutafuta kosa, jua kazi yenyewe inavyokwenda. Maziwa freshi yana pH ya kama 6.6; hicho ni kipimo cha asidi, na kikishuka uchachu umepanda. Bakteria wa mala, wengi wao wa aina ya Lactococcus lactis, wanakula laktosi, yaani ile sukari ya maziwa, na kutoa asidi ya laktiki. pH ikishuka hadi karibu 4.6, protini iitwayo kasini inashikana, na hapo ndipo maziwa yanaganda. Hawa wa mala wanapenda nyuzi 22 hadi 25, na huchukua saa 16 hadi 18. Wa yogati ni wengine: Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus. Hao wanataka nyuzi 42 hadi 45, na wakipata joto hilo wanamaliza kwa saa nne hadi sita.

## Maziwa hayajaganda kabisa

Hili ndilo naulizwa zaidi, hasa na watu wa Nakuru mwezi wa Julai. Anza na joto. Kama ulitumia yogati ya dukani kuwa mbegu, halafu ukaacha sufuria mezani usiku wa Nakuru, bakteria wako walilala. Hawajafa. Weka ile sufuria ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu, au mimina maziwa kwenye hotipoti uliyoisuuza kwa maji moto, usubiri saa chache. Mara nyingi yanaganda. Ila kama yamekaa mezani usiku na mchana bila kuchacha, usiyaokoe: wadudu wengine walishapata nafasi.

Kinyume chake pia hutokea. Mtu ana haraka, anatia mbegu maziwa yakiwa bado yanatoa mvuke, anaua kila kitu kwa dakika moja. Kama huna kipimajoto, nawa mikono vizuri, chovya kidole kidogo ndani ya maziwa na uhesabu hadi kumi. Ukilazimika kukitoa kabla ya kumi, ni moto mno. Ukifika kumi huku kidole kinalalamika kidogo, hapo ni pa yogati. Kwa mala, ngoja hadi usihisi moto wala baridi.

Joto likiwa sawa na bado hayagandi, sasa shuku mbegu. Paketi nyingine za yogati zimepashwa moto baada ya kuganda ili zikae miezi kwenye rafu bila friji. Ladha ni ile ile lakini bakteria wamekufa, na mfu hapandwi. Soma paketi: kama inasema ihifadhiwe kwenye baridi na kwamba ina bakteria hai, inafaa. Mbegu ya nyumbani nayo huchoka. Ukiirudisha tena na tena, uwiano wa bakteria unaharibika, wageni wanaingia, na wapo hata virusi wanaowinda bakteria tu. Watafiti wa maziwa wa New Zealand waligundua virusi hao kwenye mbegu za jibini miaka ya 1930. Mimi hubadilisha mbegu baada ya mara tano au sita, na kipimo changu ni vijiko viwili vya mezani kwa lita moja. Kuongeza mbegu hakuharakishi sana, huleta uchachu tu.

Baada ya joto na mbegu, linabaki jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: maziwa yenyewe. Mwaka fulani nilikuwa nanunua lita kumi kila siku kwa muuzaji mmoja wa pikipiki. Kwa wiki nzima mala ikakataa. Nilibadilisha mbegu mara mbili, nikanunua kipimajoto, nikaosha sufuria kwa maji yaliyochemka, wapi. Mwishowe nikachukua vikombe viwili vinavyofanana. Kimoja nikatia maziwa yake, kingine maziwa ya jirani mwenye ng'ombe mmoja uani. Vyote vilichemshwa sawa, vikapoa sawa, mbegu kutoka kijiko kimoja, vikakaa rafu moja. Asubuhi cha jirani kimeshikana kama kawaida. Cha muuzaji bado kinachezacheza kama maji ya kunawa, hakinuki vibaya wala hakina uchachu, kimetulia tu. Nilikaa nikikitazama nikiwaza watoto niliokuwa nikiwanywesha.

Maziwa yasiyochacha hata ukiyabembeleza yana kitu kinachoua bakteria. Kuna uwezekano mkubwa wa namna mbili. Wa kwanza ni antibayotiki: ng'ombe alikuwa na ugonjwa wa kiwele, akatiwa dawa kwenye chuchu, na maziwa yakauzwa kabla ya siku zilizoandikwa kwenye dawa kwisha. Mara nyingi ni siku tatu au zaidi, na kila dawa ina idadi yake. Kuchemsha hakuondoi penisilini ya kutegemewa. Wa pili ni wauzaji wanaotia haidrojeni peroksaidi ili maziwa yasiharibike njiani. Kipimo cha vikombe viwili hakikuambii ni lipi kati ya hayo, lakini kinakuambia jambo la kwanza unalohitaji kujua. Vyote viwili vikigoma, kosa ni la mbegu au la joto. Kikigoma kimoja, kosa limo kwenye maziwa yake. Mimi nilimwacha muuzaji yule. Kama na wewe una shaka, ripoti kwa Bodi ya Maziwa ya Kenya au kwa afisa wa afya wa wadi, na usiwauzie watu mala hiyo kwa kuongeza ndimu ili igande. Ndimu itagandisha maziwa, lakini hapo umeuza maziwa yenye dawa na asidi, si mala.

## Yameganda, lakini maji yamejitenga

Hili ndilo lililonipata Kisumu. Maji ya kimanjano si uchafu. Ni maji ya maziwa yenyewe, yana protini na madini, na ukiyakoroga ndani hakuna ubaya wowote. Yanajitenga kwa sababu mala imepita kiasi: joto lilizidi, au ilikaa mno, au sufuria ilitikiswa wakati inashikana. Kisumu nyumba nyingi za mabati hulala na joto hadi usiku wa manane, hivyo mala inayochukua saa 17 Nakuru inaweza kuwa tayari kwa saa 10 au 12. Tia mbegu saa tatu usiku badala ya magharibi. Weka sufuria sakafuni kwenye saruji, au ndani ya beseni la maji ya mtungi, na uiangalie mapema asubuhi. Ikishashikana, ipeleke kwenye baridi mara moja.

Kama maji hujitenga hata kwenye mala changa, isiyo na uchachu mwingi, maziwa yako ni mepesi. Huenda yaliongezwa maji. Laktomita, kifaa cha kupima uzito wa maziwa, ikitiwa kwenye maziwa mazuri inapaswa kuonyesha kati ya 1.028 na 1.032, na dukani kwenye ATM ya maziwa unaruhusiwa kuuliza.

## Inavutika, ina mapovu, ina uchungu, ina rangi

Mala inayovutika kama mrenda huwashtua watu. Wakati mwingine ni aina ya bakteria wa kawaida wanaotoa utelezi wao, na kuna nchi ambako watu huipenda hivyo. Lakini kwa mala ya nyumbani iliyokuwa ikiganda vizuri, ikabadilika ghafla, mimi siipi nafasi. Namwaga, nachemsha vyombo, naanza na mbegu mpya.

Kifuniko kikivimba au mala ikijaa vitundu kama sponji, wameingia bakteria wa kinyesi au hamira ya porini. Hapo usionje. Tatizo liko kwenye mikono, ndoo ya plastiki yenye mikwaruzo, au maji ya kusuuzia. Yule anayekamua akiosha kiwele kwa kitambaa kimoja kwa ng'ombe watatu, utaliona jambo hilo kwenye sufuria yako.

Uchungu bila uchachu mwingi hutokana na maziwa yaliyokaa siku nyingi kwenye friji kabla ya kuchemshwa. Wapo bakteria wanaofanya kazi kwenye baridi, wanakata protini vipande vichungu, na hata ukichemsha baadaye uchungu unabaki.

Waridi, chungwa, kijani, nyeusi: mwaga yote. Kukwangua juu hakutoshi, kwa sababu kuvu ina mizizi usiyoiona.

Watu wa Kericho na Uasin Gishu wana mursik, maziwa yanayochachuliwa ndani ya kibuyu, na shida zake ni za kibuyu hicho. Mursik ikinuka pombe, hamira imezidi bakteria, kwa kawaida kwa sababu kibuyu hakikukauka vizuri au maziwa yamekaa wiki nyingi. Sotet, yaani kibuyu chenyewe, inataka kusuguliwa ndani, kuchemshiwa maji, kukaushwa juani, ndipo ipakwe mkaa wa mti wa senetwet. Watafiti waliopima mursik wamekuta asetaldehaidi, kemikali inayotokana na pombe na isiyoutakia koo mema, kwenye sampuli nyingi. Naipenda mursik na siwezi kumwambia Mkalenjin aiache. Namwambia anywe ya siku chache, si ya mwezi mzima.

## Freshi inanifukuza chooni, mala hainifanyi kitu

Tumeingia tumboni sasa, na hili ni tatizo ambalo lina jibu safi. Mtoto mchanga ana kimeng'enya cha kutosha kiitwacho laktesi, kinachokata sukari ya maziwa. Kwa watu wengi duniani kinapungua ukubwani. Sukari isiyokatwa inashuka hadi utumbo mpana, inavuta maji, bakteria wa huko wanaichachua, na hapo ndipo gesi, kuunguruma na kuharisha hutokea nusu saa hadi saa chache baada ya kikombe cha maziwa. Jamii za wafugaji zimejaliwa kidogo: mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walionyesha kwamba wafugaji wengi wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao wenyewe la kijenetiki, tofauti na lile la Wazungu, linaloendeleza laktesi hadi utu uzima. Ndiyo sababu kwenye nyumba moja ya ndoa ya mchanganyiko, mume anakunywa nusu lita akiwa amesimama na mke anashikilia tumbo, na hakuna anayedeka.

Mala na yogati zinasaidia kwa njia mbili. Kwanza, sehemu ya sukari imeshaliwa kabla haijafika kwako. Pili, bakteria wa yogati wanabeba laktesi yao wenyewe, na wanapofika utumbo mwembamba nyongo inawapasua, kimeng'enya kinamwagika na kufanya kazi ambayo mwili wako hauifanyi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilikubali jambo hili mwaka 2010, ikitaka yogati iwe na bakteria hai wasiopungua milioni 100 kwa gramu. Kati ya faida zote zinazotajwa za maziwa ya kuchachua, hii ndiyo yenye ushahidi ulionyooka zaidi.

Kama hata mala inakusumbua, jaribu hivi kwa siku tano: robo kikombe, pamoja na chakula, si tumbo tupu. Ikikubali, ongeza. Ikikataa hata kidogo, iache. Lakini ukipata vipele, kuvimba midomo au kupumua kwa shida, hilo si la laktosi. Ni mzio wa protini, na mala ina protini ile ile. Acha kabisa, umwone daktari.

## Nilianza mala kwa ajili ya tumbo, sasa nina gesi zaidi

Umeanza na lita, si kikombe. Wiki ya kwanza gesi kidogo ni ya kawaida, hasa ukibadilisha na chakula kwa wakati mmoja. Punguza hadi kikombe kimoja kwa siku. Angalia pia unachokunywa: yogati nyingi za kunywa zenye rangi ya stroberi zina sukari kiasi cha soda, na sukari hiyo inalisha bakteria wote, wazuri na wakorofi. Na kama uliila na githeri ya maharagwe ambayo hayakulowekwa, usiisingizie mala.

## Nimekunywa miezi miwili, sioni tofauti

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoteza pesa.

Shirika la chakula na lile la afya la Umoja wa Mataifa walikubaliana mwaka 2001 kwamba probayotiki ni vijidudu hai ambavyo, vikitolewa kwa kiasi cha kutosha, vinampa faida ya afya anayevila. Kila neno lina kazi. "Hai": mala uliyoipasha moto kwa sababu mtoto ana mafua, au uliyomimina juu ya ugali unaotoa mvuke na kuiacha ipikike humo, ina maiti. Ukipenda ugali na mala, kama tunavyokula huku magharibi, acha ugali upoe kwanza sahanini. "Kiasi cha kutosha": kanuni za kimataifa za maziwa ya kuchachua zinataka angalau milioni 10 kwa gramu, na hesabu hiyo inashuka kadiri siku zinavyopita, haraka zaidi nje ya friji. Mala ya jana ina nguvu kuliko ya wiki mbili.

Neno linalobaki ni "faida", na faida ni ya aina fulani ya bakteria, si ya bakteria wote. Mala ya nyumbani ni chakula kizuri, lakini Lactococcus wake wengi hawavuki asidi ya tumbo wakiwa na nguvu. Waliofanyiwa majaribio mengi ni kama Lactobacillus rhamnosus GG, waliopatikana ndani ya utumbo wa binadamu mwaka 1983 na watafiti Sherwood Gorbach na Barry Goldin. Herufi mbili za mwisho ni za majina ya watafiti hao wawili. Hapa jirani, Uganda, zipo pakiti ndogo za Yoba zenye bakteria wa ukoo huo. Bakteria hao peke yao hawawezi kula laktosi, kwa hiyo wamefungwa pamoja na Streptococcus thermophilus anayewakatia. Ng'ambo ya ziwa, Mwanza, akina mama walianza kutengeneza yogati yenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa mradi ulioanza na Chuo Kikuu cha Western cha Kanada miaka ya 2000. Kwa hiyo kazi hii si ya maabara za mbali. Sufuria, makaa na mikono safi vinatosha.

Hata hao wakali hawahamii tumboni. Wanapita. Wanafanya kazi wakiwa njiani, na ukiacha kuwala, baada ya wiki chache hawaonekani tena kwenye choo. Kinachowajenga wakazi wa kudumu wa utumbo mpana ni nyuzinyuzi, wanazozigeuza kuwa butireti, chakula cha kuta za utumbo. Managu, saga, kunde, mrenda, ndizi mbichi za kupika, wimbi. Mtu anayekunywa mala kila siku huku anakula chipsi na mkate mweupe amewaalika wageni kwenye nyumba isiyo na unga.

Na kuna wakati tofauti haionekani kwa sababu tatizo si la bakteria wa mala hata kidogo. Vidonda vya tumbo vya Helicobacter pylori havitibiwi na yogati, ingawa wapo madaktari wanaoiongeza pembeni ya dawa. Amiba, minyoo na kipindupindu vina tiba zake. Ukiwa na damu kwenye choo, unapungua uzito bila sababu, choo ni cheusi kama lami, au maumivu yanakuamsha usiku, funga sufuria na uende hospitali.

## Tumbo limeharibika tangu nimeze antibayotiki

Dawa hiyo haichagui. Inaua ugonjwa na wakazi wa utumbo pamoja. Probayotiki za aina zilizopimwa hupunguza kuharisha huku kwa baadhi ya watu, na mala kwa wengi haina madhara. Lakini kuna kosa ambalo nimeliona mara nyingi mno: mgonjwa wa brusela, homa inayotoka kwa mifugo, anapewa doksisaiklini kwa wiki sita, anashauriwa na jamaa "anywe na maziwa ili isimchome tumbo". Kalsiamu ya maziwa inaishika dawa na kuzuia sehemu yake isiingie kwenye damu. Siprofloksasini nayo hivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Meza dawa kwa maji, na mwulize mfamasia akupangie saa za mala mbali na saa za dawa. Kuharisha kukiwa kukali, na homa, au kukiendelea hata baada ya dawa kwisha, rudi kwa aliyekuandikia.

## Mala iliniangusha siku hiyo hiyo, au homa imenijia wiki kadhaa baadaye

Ukitapika ndani ya saa moja hadi sita, shuku sumu ya Staphylococcus. Bakteria hao hukaa puani na kwenye vidonda vya mikono, na kwenye viwele vigonjwa. Maziwa yakichelewa kuchacha wanapata saa za kutosha kutoa sumu, na sumu hiyo haivunjwi kwa kuchemsha. Mwenye jeraha kidoleni asiguse mbegu.

Ya wiki kadhaa baadaye ni hatari zaidi kwa sababu hakuna anayeihusisha na mala. Homa inakuja na kuondoka, jasho la usiku linalowesha shuka, mgongo na viungo vinauma, uchovu usioisha. Mtu anapimwa malaria, anatibiwa taifodi, anarudi nyumbani, inaanza tena. Nenda ukamwambie daktari kwa maneno haya: "Nakunywa maziwa ambayo hayajachemshwa." Atajua kupima brusela. Wazee wengi wanaamini uchachu unaua kila kitu. Hauui. Brusela wanaweza kuishi siku kadhaa ndani ya mala, na kifua kikuu cha ng'ombe pia hupita kwenye maziwa mabichi. Amabere amaruranu ya Kisii, mursik, mala ya mama mkwe wangu, zote zinaweza kutengenezwa kwa maziwa yaliyochemka kwanza, na ladha haipotei. Mama mkwe alikataa kwa mwaka mzima, akisema ya kuchemsha haina roho. Siku moja niliweka bakuli mbili mezani bila kusema neno. Alimaliza ya kuchemsha.

## Mtoto anaharisha, nimpe mala?

Chini ya miezi sita, hapana. Ziwa la mama tu. Baada ya hapo, vijiko vichache vya mala iliyotokana na maziwa ya kuchemsha vinaweza kuingia kwenye chakula chake, ila maziwa ya ng'ombe yasiwe kinywaji chake kikuu kabla ya mwaka mmoja. Anapoharisha, mala haichukui nafasi ya maji ya chumvi na sukari. Koroga pakiti ya ORS kwenye maji safi kwa kipimo kilichoandikwa, mnyweshe kidogo kidogo, na umpe zinki kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mwenye miezi sita na zaidi, 10 kwa aliye chini yake. Endelea kumnyonyesha. Macho yakibonyea, akilia bila machozi, au ukimfinya ngozi ya tumbo na ikachelewa kurudi, mbebe umpeleke kituo cha afya usiku huo huo. Mtoto aliyezaliwa njiti, na mtu yeyote ambaye kinga yake imeshuka sana, asipewe probayotiki ya aina yoyote bila daktari wake kujua.

Mbegu yako, kabla hujaanza sufuria ya leo, toa vijiko vinne kwenye kikombe kilichochemshwa, funika, weka nyuma kabisa ya friji. Kama huna friji, mwachie jirani mwenye nayo. Ya kwenye sufuria ikiharibika, hiyo ndiyo utakayoanza nayo kesho.